Mtoto wa Nyoka: Jinsi Star Wars Inavyowakuza Mashujaa na Waovu Wake

Katika filamu ya kwanza ya Star Wars, iliyoanza kuonyeshwa Mei 1977, kuna neno moja ambalo wengi hulisikia bila kulitilia maanani. Obi-Wan Kenobi, mzee wa Jedi, wapiganaji wanaoongozwa na Nguvu isiyoonekana, anapokutana na mwovu Darth Vader ndani ya kituo cha kivita cha Dola linalotawala galaksi, baada ya miaka mingi ya kutoonana, anamwita "Darth", kama mwalimu anayemwita mwanafunzi wake wa zamani kwa jina alilopewa na wazazi. Filamu zilizofuata zilitufahamisha kwamba Darth ni cheo cha mabwana wa Sith, maadui wa Jedi, na kwamba jina ambalo Obi-Wan alilizoea kwa miaka yote ya kumlea kijana yule lilikuwa Anakin. Mwaka 1977, basi, Vader hakuwa bado mtu mwenye historia. Alikuwa mtumishi wa kutisha aliyefunikwa kinyago cheusi, tena aliyekuwa chini ya gavana Tarkin kiasi kwamba Binti Mfalme Leia alithubutu kumwambia Tarkin kuwa ndiye anayeishika kamba ya Vader, kana kwamba anazungumzia mbwa.

Nimeanza na hitilafu hiyo kwa sababu inaonyesha vizuri namna hadithi hii inavyofanya kazi. Tumezoea kudhani kwamba mtunzi wa hadithi ndefu humkuza mhusika kwa kumsogeza mbele, yaani leo awe mwoga na kesho awe jasiri. Star Wars, ambayo umri wake unakaribia nusu karne, huwakuza wahusika wake zaidi kwa kurudi nyuma na kuyapa maana mpya mambo tuliyokwisha kuyaona. Kila ninapoitazama upya nazidi kuamini kwamba mwovu wake hukua kila anapoongezewa sababu, ilhali shujaa wake hukua kila anapopunguziwa uhakika.

Wazo la Vader kuwa baba wa Luke Skywalker, shujaa wa filamu hizo, halikuwamo katika muswada wa kwanza wa filamu ya pili. Leigh Brackett, aliyeuandika muswada huo na kufariki Machi 1978, alimleta baba wa Luke kama mzimu wa Jedi mwema, mtu tofauti kabisa na Vader. George Lucas ndiye aliyeketi baada ya hapo akawaunganisha watu hao wawili wakawa mmoja. Siri ilitunzwa kwa uangalifu mkubwa. Wakati wa kupiga picha, David Prowse, aliyelivaa vazi la Vader, alipewa sentensi ya uongo inayosema kwamba Obi-Wan ndiye aliyemuua baba wa Luke, na Mark Hamill akaambiwa ukweli muda mfupi tu kabla ya kuigiza tukio lenyewe. Sentensi ya kweli iliwekwa baadaye kwa sauti ya James Earl Jones.

Filamu hiyo ilipotoka mwaka 1980, wahusika watatu walikua kwa pigo moja. Vader aliacha kuwa kizuizi njiani akawa swali ambalo Luke hawezi kulikimbia. Luke naye, ambaye alianza kama kijana wa shambani mwenye ndoto ya kuwa rubani, aligundua kwamba ile sifa ya baba aliyokuwa akiifuata ilikuwa na upande mwingine wenye damu. Wa tatu ni Obi-Wan, ambaye ghafla alionekana kuwa mwongo, kwa kuwa ndiye aliyemwambia Luke kwamba Vader alimsaliti na kumuua baba yake. Mwaka 1983 mzimu wake ulijitetea kwa hoja kwamba ukweli hutegemea mahali mtu anaposimama, na nakiri kwamba nilipoisikia hoja hiyo kwa mara ya kwanza niliiona kuwa ni ya mtu aliyekamatwa akatafuta mlango wa kutokea.

Mwaka 2022, katika mfululizo unaosimulia maisha ya Obi-Wan uhamishoni, yeye na Vader wanapigana usiku, upanga wa nuru unakipasua kinyago cha Vader, na nusu ya uso wa Anakin inaonekana. Obi-Wan anamwomba radhi huku akilia. Vader anamjibu kwamba si Obi-Wan aliyemuua Anakin Skywalker. Aliyemuua ni yeye mwenyewe. Kwa hiyo, yale maneno ambayo mzee Kenobi alimpa Luke mwaka 1977 ni maneno aliyopewa na Vader kwa kinywa chake. Uongo ulisubiri miaka 45 kupata chanzo. Sidhani kuna mtunzi anayeweza kupanga jambo kama hilo tangu mwanzo, lakini mtunzi mwingine anaweza kulikuta limelala wazi, akalijaza kwa heshima, na mzee aliyeonekana kuwa mjanja akageuka kuwa mtu aliyekuwa akirudia maneno yaliyomvunja moyo.

Jambo ninalolipenda kuliko yote katika simulizi hii ni kwamba baba na mwana hupewa mtihani uleule. Mwaka 1980 Luke anaona, kwa njia ya Nguvu, rafiki zake wakiteswa katika mji ulio mawinguni. Mwalimu wake Yoda na mzimu wa Obi-Wan wanamkataza kwenda kwa kuwa mafunzo yake hayajakamilika. Anakwenda, hawaokoi, na anakatwa mkono wa kulia. Filamu ya 2002 inatuonyesha kwamba baba yake alikuwa ameona maono ya namna hiyohiyo miaka mingi kabla. Anakin anaota mama yake, Shmi, yumo katika mateso. Anakwenda sayari ya Tatooine, anafika amechelewa, mama anakata roho mikononi mwake, na kijana anaua kijiji kizima cha waliomteka, wanaume kwa wanawake na watoto. Katika filamu hiyohiyo naye anakatwa mkono wa kulia. Mwaka 2005 anaota tena, safari hii ni mkewe Padmé anayekufa akijifungua, na kwa kuwa mara ya kwanza ndoto ilitimia, hofu yake haina tena mtu wa kuituliza.

Baba na mwana wanahofu kitu kimoja: kuwapoteza wawapendao. Tofauti yao inaonekana pale kila mmoja anapoahidiwa uwezo wa kuizuia hasara hiyo. Chansela Palpatine, bwana wa Sith aliyejificha na ambaye baadaye atakuwa Mfalme wa Dola, anamwahidi Anakin maarifa ya kuyashinda mauti, naye anapiga magoti. Vader anamnyooshea Luke mkono na kumwahidi kwamba watatawala galaksi pamoja, baba na mwana, na Luke, aliyejeruhiwa na asiye na pa kukimbilia, anaachia nguzo aliyoishika akaanguka shimoni. Kitendo chenyewe ni kuachia, na nadhani hapo ndipo palipo kiini cha ushujaa katika hadithi hii. Anakin alishika kila kitu hadi akakivunja.

Ndiyo maana pambano la mwisho la 1983 lina uzito ambao mapambano mengine yenye sarakasi nyingi hayakuufikia. Mtoto wa nyoka ni nyoka, walisema wahenga, na Mfalme Palpatine ameketi kwenye kiti chake akiitegemea hesabu hiyohiyo. Vader anapotishia kumgeuza Leia, dada yake Luke, awe wa upande wa giza, Luke analipuka kwa hasira, anampiga baba yake bila mpango wala ustadi, na kumkata mkono. Kisha anazitazama nyaya zilizochomoza kwenye kile kigutu, halafu anautazama mkono wake mwenyewe, wa bandia, uliofunikwa kwa glavu nyeusi. Hakuna neno linalosemwa. Anautupa upanga na kujitambulisha kuwa ni Jedi kama alivyokuwa baba yake kabla yake. Anaikubali damu yake na anakataa hukumu iliyofungamana nayo, na kwa kufanya hivyo anamwachia Vader nafasi ya kuchagua upya. Mtu aliyezitazama filamu hizi kwa mpangilio wa kutolewa hawezi kusahau kwamba kabla ya hapo Luke alikuwa anashinda. Ushujaa wake ulikuja pale alipoacha kushinda.

Hata hivyo, sioni kwamba kuanguka kwa Anakin kulisimuliwa vizuri ndani ya filamu zenyewe. Hofu yake imeandaliwa kwa makini tangu 1999, alipokuwa mtumwa wa umri wa miaka tisa na Baraza la Jedi likaisoma hofu hiyo wazi likasita kumpokea. Tatizo lipo mwishoni. Katika filamu ya 2005 anamsaidia Palpatine dhidi ya Mace Windu, mmoja wa wakuu wa Jedi, anashtuka na kujuta kwa kile alichokifanya, na muda mfupi baadaye anaingia katika hekalu la Jedi kuwaua watoto. Daraja kati ya majuto na mauaji hayo ni jembamba mno. Mtazamaji anaelewa kwa nini Anakin angemuua mtu mzima anayemzuia kumwokoa mkewe. Kwa watoto wale anaombwa aamini tu.

Daraja hilo lilijengwa baadaye na katuni. Mfululizo wa vita vya nakala (The Clone Wars) ulipoanza mwaka 2008, ulimpa Anakin mwanafunzi wa miaka 14, Ahsoka Tano, na watazamaji wengi hawakumpenda mwanzoni, kwa kuwa alikuwa msemaji kupita kiasi na filamu hazikuwahi kumtaja. Kadiri misimu ilivyosonga tulimwona Anakin akiwa mlezi: mcheshi, mwenye kujali, na mwenye kuvunja kanuni kila anapompenda mtu. Kisha Ahsoka anasingiziwa kulilipua hekalu, na Baraza linamfukuza bila kumsikiliza ipasavyo. Ukweli unapojulikana, Baraza hilohilo linamwomba arudi na kumwambia kwamba yale yalikuwa majaribu yake. Anakataa na kuondoka, huku Anakin akimsihi kwenye ngazi za hekalu. Ukiitazama filamu ya 2005 baada ya hapo, unamwona mtu ambaye amekwisha kupoteza mama na mwanafunzi, na aliyeshuhudia jinsi walimu wake wanavyoomba radhi bila kuinamisha kichwa. Hofu ya kumpoteza Padmé inakuwa ya tatu katika mstari mrefu.

Ahsoka na Vader walikutana tena katika katuni nyingine mwaka 2016. Ahsoka anakipasua kinyago cha Vader, jicho moja linaonekana, na sauti ya Anakin inamwita kwa jina. Ahsoka anaahidi kutomwacha tena. Vader ananyamaza kidogo, kisha anamjibu kwamba basi atakufa. Ile nafasi ndogo kati ya ahadi na jibu inamkuza Vader kuliko dakika nyingi za mapigano.

Kuhusu Palpatine sina mengi ya kusema. Ni mhusika bapa, na ubapa huo unamfaa. Ian McDiarmid, ambaye hakuwa hata na miaka 40 alipomwigiza kwa mara ya kwanza kama mzee mwaka 1983, alirudi 1999 kumwigiza seneta mpole wa Naboo, na kinachobadilika kutoka filamu hadi filamu ni cheo na mavazi tu. Kila jumba la hadithi linahitaji ukuta mmoja usioyumba ili tuone jinsi wengine wanavyoyumba. Kosa lilikuwa kumrudisha mwaka 2019 bila maandalizi, kwani kurudi kwake kulipunguza thamani ya uamuzi wa Vader wa kumtupa shimoni mwaka 1983 ili kumwokoa Luke.

Mhusika anayenishangaza zaidi ni Maul, mwanafunzi wa Palpatine. Mwaka 1999 alikuwa sura na mwendo: uso mwekundu wenye michoro myeusi, pembe, upanga wenye ncha mbili, na maneno machache sana. Alimuua Qui-Gon Jinn, mwalimu wa Obi-Wan, akakatwa vipande viwili na Obi-Wan, akaangukia shimoni. Kwa kanuni za kawaida hadithi yake ilikuwa imekwisha, na wazo la kumrudisha katika katuni mwaka 2012 lilisikika kama tamaa ya kuuza tena sura inayopendwa. Watunzi wake, hata hivyo, walijiuliza swali la maana: mtu aliyelelewa tangu utotoni awe silaha, kisha akatupwa na kusahauliwa na bwana wake, anabaki na nini? Walimkuta kwenye sayari ya takataka, amerukwa na akili, amejiundia miguu ya chuma mithili ya buibui, na kilichomweka hai ni chuki peke yake.

Tangu hapo Maul anapanda kila ngazi ya uovu bila kuupata mwili wake wala amani yake. Anaitwaa sayari ya Mandalore. Anamuua Satine, mtawala wake, mbele ya macho ya Obi-Wan aliyempenda, ili tu Obi-Wan aonje alichokionja yeye. Kisha Palpatine anakuja mwenyewe, anamuua ndugu yake, na Maul, aliyekwisha kuwa mtawala, analia na kuomba huruma kama mtoto. Katika vipindi vya mwisho vya mfululizo huo, vilivyotoka 2020, ndiye anayemweleza Ahsoka kwamba Anakin anaandaliwa kuwa mwanafunzi mpya wa bwana yule. Anasema kweli, na haaminiwi. Mwovu aliyeijua kweli peke yake, na ambaye maisha yake yote ndiyo sababu ya kutoaminiwa, ni mhusika ambaye filamu ya 1999 haikuwa hata na nafasi ya kumwota.

Mwisho wake uko katika kipindi cha 2017 cha ile katuni nyingine. Maul amezeeka, anamfuata Obi-Wan katika jangwa la Tatooine, na tunajiandaa kwa pambano refu. Pambano linadumu sekunde chache. Obi-Wan anasimama kwa mkao wa Qui-Gon, Maul anajaribu pigo lilelile lililomuua Qui-Gon miaka ipatayo thelathini kabla, na Obi-Wan, ambaye amekuwa na miongo yote hiyo ya kulitafakari, analijibu kwa pigo moja. Hapo utaona watu wawili walioanzia siku moja ya msiba, mmoja akiwa ameibeba akakua, mwingine akiwa amebaki palepale. Obi-Wan anampokea adui yake mikononi. Maul anauliza kama kijana anayelindwa na Obi-Wan jangwani, yaani Luke, ndiye aliyetabiriwa, naye anajibiwa kuwa ndiye. Anakata roho akisema kwamba huyo atawalipia kisasi wote wawili. Amesema "wote wawili", akijihesabu pamoja na mtu aliyemkata.

Wakati mwingine mabadiliko ya mhusika yanategemea kitu kidogo mno. Mwaka 1977 Han Solo, rubani wa magendo, alimpiga risasi Greedo, mwindaji aliyemfuata kwa ajili ya zawadi, chini ya meza kabla hajapigwa, na tukaelewa kwamba huyu ni mtu wa kujiangalia mwenyewe. Lucas alipolirekebisha tukio hilo kwa toleo la 1997, alimfanya Greedo afyatue kwanza. Ni sekunde moja tu, lakini imemwondolea Han umbali wa kusafiri, maana mtu anayerudi mwishoni kumwokoa Luke anatugusa kwa kadiri ile tu tuliyomjua kuwa asingerudi.

Filamu tatu za 2015 hadi 2019 zilikuwa na mbegu nzuri na zililimwa na wakulima wasiosikilizana. J.J. Abrams aliongoza ya kwanza, Rian Johnson ya pili, na ya tatu ikarudi kwa Abrams baada ya Colin Trevorrow kuondoka Septemba 2017. Matokeo yake yanaonekana kwa Rey, shujaa mpya wa filamu hizo. Mwaka 2017 anaambiwa kwamba wazazi wake walikuwa watu wasio na jina, nami nililiona jibu hilo kuwa kali na zuri, kwa kuwa lilimnyima ukoo wa kumwambia yeye ni nani. Mwaka 2019 anaambiwa kuwa ni mjukuu wa Palpatine. Swali la mtoto wa nyoka, ambalo Luke alikwisha kulijibu, likaulizwa upya kwa mtu ambaye hadi hapo hakulihitaji. Finn naye alipotea njiani. Filamu ya 2015 inamwonyesha askari wa kikosi cha wauaji mwenye alama ya damu ya mwenzake kwenye kofia, anayeshindwa kuwafyatulia wanakijiji risasi. Hakuna shujaa wa hadithi hii aliyetokea ndani zaidi ya tumbo la adui kuliko yeye, na kufikia 2019 kazi yake kubwa ilikuwa kukimbia na kuita jina la Rey.

Kwa Luke wa 2017 nina msimamo ambao wengi hawaukubali, naye Mark Hamill mwenyewe alieleza hadharani kutoridhika kwake. Mimi naona kwamba mzee aliyejitenga kisiwani, baada ya kumsimamia mpwa wake aliyelala akiwa na upanga uliowashwa kwa nukta moja ya hofu, ni mwendelezo wa kijana yule wa 1983. Filamu inalisimulia tukio hilo mara tatu: Luke kwanza anaficha, mpwa huyo, Ben Solo, anatoa toleo lake, kisha Luke anakiri. Hofu ya ukoo wake haikufa siku alipoutupa upanga. Ilisubiri apate kitu kingine cha kupoteza. Na anapojitokeza mwishoni kumkabili Ben, anafanya hivyo bila kumpiga hata pigo moja.

Mfululizo wa Cassian Andor, uliotoka kwa misimu miwili mwaka 2022 na 2025, haufuati njia yoyote kati ya hizo. Filamu ya 2016 ilikuwa imemtambulisha Cassian kama mwasi anayemuua mtoa habari wake mwenyewe ili asikamatwe, na mfululizo unarudi nyuma miaka mitano kutafuta mkono huo ulianza lini kufyatua bila kutetemeka. Hakuna upanga wa nuru. Uovu uko ofisini. Dedra Meero ni afisa wa usalama mwenye bidii, anayepigania faili zake vikaoni dhidi ya wanaume wanaomdharau, na kwa muda fulani mtazamaji anajikuta akimtakia mafanikio, hadi anapoona mafanikio hayo yanaufanyia nini mwili wa mfungwa. Mwishoni Dola linamtupa katika gereza la kazi za sulubu lililo sawa na lile alilofungwa Cassian.

Syril Karn ndiye anayeniuma zaidi. Alianza kama askari mdogo wa kampuni aliyekataa kufunika kesi ya mauaji, jambo ambalo katika hadithi nyingine lingemfanya kuwa shujaa. Alimwinda Cassian kwa miaka, akapoteza kazi, akarudi kuishi kwa mama yake, akapanda tena, akatumwa kwenye sayari ya Ghorman bila kuambiwa kwamba watu wa huko wameandaliwa kuchinjwa. Anapoligundua hilo yumo katikati ya uwanja wa mauaji, na hapo anamwona Cassian. Wanapigana kwa mikono. Syril anaishika bunduki, anamwelekezea mtu aliyeyapa maisha yake maana yote, na Cassian anamtazama na kumuuliza yeye ni nani. Hana jibu. Bunduki inashuka kidogo, na risasi ya mtu mwingine inampata kichwani.